Kompyuta ya Marehemu Bado Inasubiri Majibu

Jumatano, 9 Aprili

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta

Ndugu Mkuu,

Mimi ni mjane wa karani wenu wa stoo, tuliyemzika pamoja mwezi Januari. Nawashukuru kwa kuja, na kwa kusaidia kupanga viti.

Nina malalamiko kuhusu kompyuta yake. Marehemu alikuwa mpole, ila hakupenda kupuuzwa. Kila barua pepe iliyohitaji jibu aliitia kwenye faili aliloliita "Nasubiri", akaiagiza kompyuta imkumbushe mhusika kila Jumatatu asubuhi mpaka ajibu. Msiba ulipotokea, kila mtu alipewa taarifa isipokuwa kompyuta. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu hayupo, na yake yote yapo. Matokeo ni haya:

1. Shemeji yangu alibeba jeneza Jumamosi, na Jumatatu akakumbushwa ngazi aliyoazima. Aliileta mbio, akaiegemeza getini, akakataa hata maji. "Shemeji, mwambie nimerudisha," akasema, akaondoka bila kugeuka nyuma.

2. Fundi cherehani alikalia suruali za marehemu tangu mwaka jana. Sasa amezipunguza zote, ila hataki kunipa. Anasema mteja msumbufu namna hiyo lazima aje ajaribu mwenyewe, asije akazua maneno baadaye. Nilimweleza hali halisi, taratibu. Akanitazama kwa huruma. "Mama, mimi nina barua yake ya jana."

3. Afisa utumishi wenu, alipochoka kukumbushwa, aliidhinisha likizo ambayo marehemu aliiomba mwaka jana. Ni wiki mbili, nazo zimekwisha. Sasa mume wangu anatakiwa ajieleze kwa maandishi kwa nini hajarudi kazini. Ndugu Mkuu, mtu huyu hakuwahi kuchelewa hata siku ya mvua kubwa. Alikuwa akivaa viatu kabla ya chai. Naona aibu kwa niaba yake.

4. Wiki hiyohiyo mkamtangaza mfanyakazi bora, kwa kufuatilia mambo bila kuchoka. Cheti nimekipokea, ahsanteni. Nasikia wafanyakazi walio hai wamenuna, na mmoja ameapa kumuiga. Hilo linanitia hofu, kwa kuwa ana watoto wadogo.

Kwa hiyo naomba kwa heshima mfumo huo uzimwe wote, wiki hii, kabla hamjampandisha cheo. Apumzike, nasi tupumzike.

Nisalimieni wote wa stoo, mama wa chai, na yule mlinzi aliyekuwa akimwita Bwana Nasubiri.

Wenu katika subira,
Mke wa Bwana Nasubiri

Nyongeza: Ipo barua pepe moja inayokuja kwangu. Aliiandika akiwa sebuleni, mimi nikiwa jikoni, akiuliza ukuta wa jikoni tuupake rangi gani. Nilimjibu kwa sauti kwamba bluu. Akasema faili lake halina masikio, niandike. Mikono yangu ilikuwa na unga, sikuandika. Basi kila Jumatatu inaingia: "Mke wangu, nakumbusha kwa heshima, bado nasubiri." Nikijibu, itanyamaza. Sijajibu, na ukuta sijaupaka. Mtakapokuja kuzima, za wengine zizimeni, hii iacheni. Tafadhali, hapo mnikumbuke.