Pembe ya Gengsheng

Changzhou nzima hakuna pua inayoijua pembe ya kale kuliko pua ya Gengsheng! Si maneno yangu hayo. Ni ya Gengsheng mwenyewe, na aliyasema kamasi ikimchungulia.

Jirani yetu huyu alirudi kutoka soko la vikorokoro amekumbatia kisanamu cha mzee, shibiri moja: kipara kama yai, ndevu hadi magotini, tunda la pichi mkononi. Mungu wa umri mrefu, akatangaza, kachongwa kwa pembe ya nyati, ana miaka mia tatu!

Alimpata kwa kubadilishana na cherehani ya mkewe.

Cherehani! Ile ile inayoilisha nyumba!

"Umefanya nini, baba Xiaohe?" Cuilan aliuliza kwa sauti ndogo. Sauti ya Cuilan ikiwa ndogo, majogoo huhama mtaa.

"Mke wangu, hiki ni kitu cha jumba la wafalme! We subiri tu, watakuja kutupigia magoti."

"Magoti?" Cuilan akautoa uvunguni ubao wa kufulia, ule wenye meno, akauegemeza ukutani. "Akiwa plastiki, utayapiga wewe juu ya meno haya, mpaka cherehani yangu irudi."

"Na akiwa pembe?"

"Nitayapiga mimi."

Lo! Mtaa mzima ukajaa mlangoni. Akaitwa Mzee Pang, aliyechonga vitana vya pembe miaka arobaini.

"Kazi ndogo," alisema. "Pasha sindano moto, umchome unyayoni. Plastiki hunuka plastiki. Pembe hunuka nywele zilizoungua."

Gengsheng hakukubali mtu mwingine aishike sindano. Mtaalamu ni yeye! Hata vindevu vyake saba alivifuga mwaka mzima apate sura ya utaalamu. Akawasha mshumaa, akaipasha sindano, akainama juu ya mwali kama anayetaka kuubusu, akachoma.

Sssss!

"Nywele!" akapiga ukelele. "Nanusa nywele! Pembe tupu! Cuilan, goti chini!"

Tukanusa sote. Kweli, nywele! Goti la Cuilan likaanza kukunjika.

"Gengsheng mwanangu," Mzee Pang akasema polepole, "kidevu chako kinawaka."

Jamani! Alijichapa makofi kama anayeua mbu. Katika vindevu saba kilibaki kimoja, nacho kimejikunja.

Mzee Pang akaipasha sindano upya, akamchoma mungu unyayo wa pili. Moshi mweusi ukapanda, na harufu ya beseni la plastiki lililosahauliwa jikoni.

"Miaka mia tatu?" alisema. "Huyu hata meno ya utoto hajang'oa."

"Lakini niliahidiwa pembe!" Gengsheng akalia.

Cuilan alinyoosha goti lake, akamkabidhi ubao.

"Na pembe utapata, mkusanyaji wangu. Chumba hiki kina nne. Anza na ile pale."