Kivuli Amenasa Dirishani

Leo nimeaibika. Nusu yangu ya nyuma ndiyo imeaibika zaidi, kwa sababu ndiyo iliyobaki nje.

Ngojeni niwaeleze kutoka mwanzo, na mtu asianze kunitumia vile vikatuni vya kucheka kabla sijamaliza.

Wengi wenu mnanijua. Marwa, fundi wa simu pale Migori, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa. Msichojua ni kwamba kila Jumapili mchana nilikuwa nacheza mchezo wa kujifanya. (Ndiyo, na ndevu zangu zote.) Tulikuwa wanne, nyuma ya kibanda changu, na karatasi, penseli, na dadu mbili tulizotoa kwenye ludo. Msimulizi wetu alikuwa rafiki yangu Odhis. Alikuwa na daftari la jalada gumu, na humo ndani alikuwa ameumba nchi nzima: wafalme, majitu yanayolamba chumvi, ziwa lisilo na ng'ambo. Sisi watatu tulikuwa mashujaa wa hiyo nchi.

Tukifika penye shida, Odhis alitupa njia tatu: nguvu, siri, au maneno. Kevo, ambaye anachimba dhahabu Masara, alichagua nguvu siku zote. Kwake kila shida ni mwamba na dawa yake ni sururu. Achieng anauza mitumba na anaweza kumuuzia mvuvi omena, wale dagaa wa ziwani, kwa hivyo yeye alichagua maneno. Mimi nilikuwa mwizi, jina langu Kivuli, na nilichagua siri. (Mimi ni Mkuria, na mizaha ya wizi wa ng'ombe nimeisikia yote. Wekeni.) Kivuli hakuwahi kupita mlangoni. Alipita dirishani, alipita paani, siku moja alipita shimo la choo cha mfalme. Na kila mara Odhis aliniuliza kwa ile sauti yake ya upole, ya kuudhi kabisa: "Marwa, umejaribu mlango?"

Mara nyingi mlango haukuwa umefungwa. Alikuwa anafanya makusudi!

Sasa hapa ndipo pabaya. Odhis alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Kuna wiki alikuja vizuri, kuna wiki mifupa ilimuuma mpaka akashindwa kushika penseli. Siku moja, miezi minne iliyopita, Kivuli alikuwa anapanda mnara. Nikarusha dadu. Moja na moja. Odhis akasema, "Ameanguka." Nikapandwa na hasira kama mtoto aliyenyang'anywa mkate. Nikamwambia mbele ya wenzetu, "Unajifanya Mungu hapa kwa sababu hapa ndipo mahali pekee una nguvu."

Nilisema hivyo. Kwa mtu aliyekuja siku hiyo akitembea na fimbo.

Alifunga daftari, akaaga, akaenda kwao. Kesho yake akanitumia meseji: "Kivuli hajafa. Rudi Jumapili." Sikujibu. (Nilikuwa nangoja aniombe msamaha yeye. Ndiyo, yeye.) Jumapili ikapita, ikapita nyingine, zikafika nane. Halafu Achieng akanipigia simu huku analia, na nilijua kabla hajasema.

Mazishi sikwenda. Niliwaambia nina homa. Sikuwa na homa, nilikuwa na aibu.

Miezi miwili ikapita hivyo. Jana mchana Achieng akaandika kwenye kikundi chetu cha simu kwamba Jumamosi, yaani kesho, simba ya Odhis inabomolewa. Kwa wasiojua, simba kwa Wajaluo ni ile nyumba ndogo ya kijana ambaye hajaoa. "Wajomba wanasema karatasi zote zitachomwa," akaandika. "Na daftari liko humo ndani."

Kevo akajibu kwanza, kama kawaida. "Hiyo mlango ni teke moja tu."

"Kevo, ile ni nyumba ya marehemu, si shimo la Masara," Achieng akamwambia. "Marwa, enda kwa mamake. Mpe pole, halafu uombe. Ni hivyo tu."

Kevo alikuwa zamu shimoni, Achieng alikuwa Kisumu kuchukua bale la mitumba. Nikabaki mimi. Nikaandika, "Sawa, nitaongea na mama." Kumbe moyoni nilikuwa nimeshachagua dirisha. Ningemtazamaje yule mama machoni? Ningemwambia nini? Kwamba mimi ndiye niliyemtukana mtoto wake na sikuja hata kumwaga udongo?

Basi leo nimefunga kibanda, nikatoka Migori saa mbili asubuhi, na saa tano hivi nilikuwa kwao Odhis, kando ya ziwa upande wa Homa Bay, mahali ambapo unaona kisiwa cha Takawiri mbele yako. Mpango wangu ulikuwa safi. Asubuhi wamama wote wako ufuoni wanaanika omena. Boma litakuwa tupu. Naingia, nachukua, natoka. Kivuli!

Nikapita kwenye ua wa minyaa nikiwa nimeinama. Mbwa wao akaniona. Ananijua, nilikuwa nakuja hapo zamani. Akafurahi, akaanza kunizunguka huku analia kwa furaha. Nikamwambia "Shhh." Akafurahi zaidi. Kisha nikakutana na wale ambao sikuwa nimewaweka kwenye mpango: bata mzinga watatu. Hawa hawanijui. Walitoa kelele mpaka nikahisi huko Takawiri wamesikia.

Kaburi lilikuwa kando ya simba. Udongo bado umeinuka. Sikulitazama. Nilipita haraka kama mtu anayempita anayemdai, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote niliyoyafanya leo.

Dirisha la mbao lilikuwa limeegeshwa tu. Nikalisukuma, nikaingiza kichwa, mabega, kifua. Vizuri. Tumbo. Si vizuri. (Kivuli wa kwenye karatasi hakuwa anakula chapati tatu asubuhi.) Nikavuta pumzi, nikajisukuma, na komeo la dirisha likaingia ndani ya mshipi wangu, nyuma, mahali mkono haufiki.

Nikanasa.

Mbele sikwenda. Nyuma sikurudi. Na hapo, kichwa chini, ndipo nikaona ndani. Kitanda kimetandikwa. Viatu viwili chini yake, vimepangwa. Fimbo yake ukutani. Na juu ya meza, hatua mbili kutoka kwa mkono wangu, daftari. Juu yake dadu mbili za ludo.

Nilinyoosha mkono. Sikufika. Nikaanza kulia, lakini kimyakimya, kwa sababu bado nilikuwa nafanya siri. Mjinga mimi.

"Uuuwi! Mwizi! Mwizi kwa simba ya Odhis!"

Walikuwa wamama wawili, na nikasikia beseni zikitupwa chini. Miguu yangu ikaanza kupiga hewa yenyewe. Nikasema, "Mama, mimi si mwizi!" Lakini nilisemea ndani ya nyumba, na nje ilitoka tu sauti ya mtu aliye ndani ya pipa. Mmoja akanichapa fimbo. Ya pili. Ya tatu ilinipata vizuri sana.

Kisha sauti nyingine, ya taratibu. "Yawa, jamani, acheni kwanza. Wewe, mwenye miguu. Ni nani?"

Ilikuwa sauti ya mama yake Odhis.

"Ni Marwa, Mama. Wa Migori."

Nikasikia fimbo ikiangushwa. Hata bata mzinga walinyamaza. Mama akazunguka, na nikasikia bawaba zikilia. Mwanga ukaingia ndani. Nikainua shingo, nikamwona amesimama kwenye mlango. Aliufungua kwa kidole kimoja.

"Sasa mwanangu," akasema, "mlango ulikuwa na kosa gani?"

Jamani. Nililia. Si kile kilio cha mwanzo. Nililia kwa sauti, kichwa chini, kamasi zikiingia machoni, nikiomba pole kwa Kiswahili, Kikuria na lugha ambayo siijui. Wale wamama wakafikiri wameniumiza na fimbo. Mmoja akaanza kulia pia.

"Mwacheni alie," Mama akasema. "Kwetu mtu akija kwa msiba anakuja na kelele. Huyu amechelewa, lakini kelele ameleta."

Wakanishika miguu, wakahesabu, wakavuta. Mimi nikatoka. Suruali ikachanika, nusu yake ikabaki kwenye komeo. Kwa hivyo sasa wamama wawili wa ufuoni wanajua kwamba Marwa fundi wa simu huvaa chupi yenye picha za mananasi. Mmoja akanipa leso nijifunge. Nikasimama mbele ya mama wa rafiki yangu marehemu nimevaa leso ya maua, na nikamwambia yote. Mnara. Dadu. Maneno niliyosema. Meseji ambayo sikujibu.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Usiku wa Jumapili alikuwa anarudia mchezo peke yake, nasikia kutoka jikoni. Anaongea sauti nne. Kumbe wewe ndiye Kivuli? Huyo ndiye alikuwa ananichekesha. Halafu sauti zikawa tatu. Nikamuuliza, 'Kivuli alienda wapi?' Akasema, 'Atarudi tu, Mama. Anatafuta dirisha.'"

Nilikaa chini. Hapo hapo, kwenye kinyesi cha bata mzinga.

Akaniambia, "Inuka, uingie humu ndani badala yangu."

Sikuelewa. Akanieleza. Kwao mama haingii kwenye simba ya kijana wake mkubwa. Odhis alipozidiwa walimhamishia nyumba ya mama, na vitu vyake vyote vikabaki. Vijana wa hapo wanaogopa nyumba ya marehemu. Wajomba wanasema kesho. Miezi miwili amekuwa akija kila asubuhi, anafungua mlango, anasimama kizingitini, anatazama viatu vya mtoto wake, anafunga, anaenda kuanika omena. Alikuwa anangoja rafiki wa Odhis yeyote aje amtolee.

Miezi miwili! Na sisi tunapanga nguvu na siri.

Nikaingia. Kwa mlango. Nikawa napitisha kitu kimoja kimoja na yeye anapokea nje. Viatu. Redio. Fimbo. Blanketi. Nikampa shati la bluu, lile la kuvaa Jumapili, na akaliweka usoni akabaki hivyo. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikakaza leso.

Daftari nilichukua mwisho. Nilitaka kumpa. Akakataa. "Hiyo ni yenu. Lakini nisomee pale alifika."

Nikafungua ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Herufi zilikuwa zimepinda, za siku mbaya za mifupa. Nikasoma:

"Kivuli hajafa. Shati limenasa kwenye dirisha la mnara, ananing'inia. Marwa akirudi nisimdai pole, atakuwa na aibu ya kutosha. Nimwache alalamike kwanza. Halafu nimuulize kama alijaribu mlango. (Haujafungwa.)"

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na kicheko kikageuka katikati, na wale wamama wakaja kumshika. Mimi nikaenda pale kaburini ambapo nilipita kama mdeni. Nilimjibu meseji yake. Yaliyobaki ni yangu na yeye.

Jumapili ya kesho kutwa, Kevo na Achieng wanakuja hapa. Mama amesema tutachezea jikoni kwake, na mmoja wetu atajifunza kuwa msimulizi. Ameuliza kama na yeye anaweza kuingia. Nimemwambia kuna nguvu, siri, au maneno. Akasema, "Mimi nitabisha hodi."

Nusu ya suruali yangu bado iko dirishani, na kesho simba inabomolewa, kwa hivyo ushahidi utapotea. Lakini wale wamama wana midomo, najua mtaisikia, ndiyo maana nimewaambia mwenyewe.

Na wewe unayecheka hapo: kuna meseji ya mtu hujaijibu. Ijibu kwanza, halafu urudi unicheke.