Nafasi Mbili za Warigia

Jumatatu, 4 Januari 1971

Barua ya shule ya serikali haijafika. Leo nimeenda posta mara tatu. Karani ameniambia nisirudi kabla ya Alhamisi, hata kama nataka stempu.

Binti yangu Warigia amepita mtihani wa darasa la saba, tena vizuri. Lakini watoto ni wengi na nafasi za serikali ni chache. Itabidi alipiwe shule ya kibinafsi. Si neno. Mimi Zachariah Gichuru ni mtu wa biashara. Duka langu la majembe na mbegu liko mjini Eldoret kabisa, sio kichakani.

Saa nne akapita jirani yangu Kiptoo na maziwa. Kiptoo ana ng'ombe kumi na moja na hamalizi sentensi bila kuwataja. Leo hakuwataja. Alisema msichana wake Jelagat anaingia shule ya masista, na ameshalipa shilingi mia za kushikilia nafasi. Akatoa risiti. Akairudisha mfukoni. Akaitoa tena ili nione muhuri.

Nikamwambia sisi bado tunachagua. Watu wa maana huchagua.

Jumatano, 6 Januari

Nimechagua. Cypress Royal Grammar School, barabara ya kwenda Chepkoilel, ndani ya nyumba ya mzungu aliyeuza akaenda zake. Mkuu wa shule, Bwana Wangila, alinipokea akiwa amevaa joho jeusi. Saa sita mchana, jua la Januari, na joho. Nikajua hapa kuna elimu.

Alisema nafasi zimebaki tatu tu. Hapo hapo mtu wa pikipiki akaingia langoni. Nikalipa mia yangu haraka kabla hajashuka. Baadaye niliona alikuwa ameleta mkate.

Madarasa sikuyaona. Yanapakwa rangi.

Pesa nimetoa kwenye mkebe wa shamba. Hapa lazima nieleze. Mimi na mke wangu Njambi tuna hisa katika kampuni ya kununua shamba kule Chepsaita. Malipo ya mwisho ni shilingi mia tatu, na siku ya mwisho ni Ijumaa tarehe 22. Asiyelipa, hisa yake inapewa mwingine. Miaka minne tumekuwa tukijinyima sukari kwa ajili ya mkebe huo, na sasa mia tatu zimetimia. Zilikuwa zimetimia. Lakini tarehe 22 iko mbali.

Ijumaa, 8 Januari

Sikulala vizuri. Je, kama masista ni bora kuliko joho?

Asubuhi Kiptoo akasema kwa masista sasa kuna orodha ya wanaongoja. Akasema kwa huruma. Huruma ya Kiptoo siwezi kuivumilia.

Nikaenda. Sista mkuu ni mama mfupi mwenye viatu vya kiume. Alinitembeza kila mahali bila kuniuliza kama ninataka kutembezwa: maabara, bweni, bustani ya kabichi, hata vyoo. Akanieleza kwamba mia moja hairudishwi, ila mtoto akija itahesabiwa kwenye karo. Ile orodha ya Kiptoo haikuwa na jina hata moja bado, na msichana mmoja alikuwa amejitoa asubuhi hiyo. Nikailipia hiyo nafasi papo hapo.

Nikiwa njiani, mpango wote ukanijia kichwani. Waliopata utajiri hapa Eldoret ni akina nani? Ni wale walioshika viwanja viwili, wakajenga kimoja, wakauza cha pili kwa faida. Sasa mimi nina nafasi mbili. Warigia ana makalio ya kiti kimoja tu. Kile kingine nitakiuza. Mkebe utajaa kabla Njambi hajaugusa, na juu yake kutakuwa na sukari.

Kwa nini hakuna mtu aliyewahi kufikiria jambo hili?

Jumatatu, 11 Januari

Nimejua kwa nini.

Mteja nilimpata haraka. Opiyo, karani wa stesheni ya reli, mtu mpole anayevaa kofia hata akinunua misumari. Ana msichana aliyekosa nafasi. Nikamwambia ninayo moja kwa masista, shilingi mia na thelathini. Macho yake yakalowa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniita ndugu.

Kisha akasoma risiti. Imeandikwa jina la Warigia Gichuru.

Nikasema hilo ni jambo dogo. Msichana wake ataitwa Warigia Gichuru kwa miaka minne, halafu atarudia jina lake. Opiyo akafikiri sana. Akauliza kama na cheti cha mwisho kitakuwa na jina hilo. Nikakubali kwamba kitakuwa nalo. Akauliza siku ya wazazi ni nani atakayeitwa mbele kupiga makofi, yeye au mimi. Nikasema tunaweza kupokezana.

Akachukua kofia yake. Misumari pia hakununua.

Alhamisi, 14 Januari

Nimerudi kwa Bwana Wangila kuomba pesa zangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Alinipa chai.

Alisema angenirudishia kwa moyo mweupe, lakini mia yangu imeshakuwa dawati. Akanipeleka kuliona. Rangi imekauka sasa. Madarasa yale yalikuwa banda la farasi wa mzungu, na pete za kuwafungia ziko ukutani bado, zimepakwa rangi ya bluu. Dawati lilikuwa katikati, peke yake, la mbao ya mwerezi, limepigwa randa vizuri sana. Pale chini amechora kwa patasi herufi W.G.

Nikalikalia. Magoti yangu hayakuingia. Bwana Wangila akasimama ubaoni, akaniuliza kwa upole kama ninaona vizuri.

Nimeshindwa kumchukia. Ana wanafunzi watano, na joho amelishona mwenyewe.

Jumamosi, 16 Januari

Njambi amefungua mkebe.

Nilikuwa na hadithi tatu tayari. Ya kwanza ilikuwa na mwizi. Nikamwangalia, amekaa kitandani na mtoto wetu mchanga Gathogo mgongoni, noti ziko mapajani, anazihesabu mara ya pili kama mtu anayetumaini amekosea. Hadithi zote zikaniishia. Nikamwambia kila kitu, hata habari ya Opiyo.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikunja nguo, akakunjua, akakunja tena. Mwishowe akaniuliza swali moja tu.

“Baba Warigia, huyo mtoto mwenyewe umemuuliza?”

Nimekaa dukani mpaka jioni, nikifikiria. Sijamuuliza.

Jumapili, 17 Januari

Baada ya kanisa nimemuuliza. Warigia alikuwa anachambua maharagwe. Alijibu bila kuinua uso, kama mtu aliyengoja kuulizwa tangu Krismasi.

Anataka shule ya harambee ya Chepsaita. Shule ambayo haina hata kengele! Nikamuuliza kuna nini kule. Akasema kuna Mwalimu Nasambu, anayefundisha hesabu, yule aliyewafundisha darasa la sita kabla ya kuhamishwa. Anasema Mwalimu Nasambu akieleza kitu, usiku wake unalala ukicheka. Sijawahi kuona hesabu ya kumchekesha mtu. Zangu zote huliza.

Pesa za kushikilia nafasi hawatozi. Kila mzazi analeta dawati la mtoto wake na kufanya kazi ya mikono siku sita.

Kisha akasema, “Tukihamia shambani nitakuwa natembea dakika ishirini tu, Baba.” Akatupa kando haragwe moja bovu. “Kama shamba litakuwako.”

Nikaenda nje kuangalia kuku. Niliwaangalia muda mrefu.

Jumanne, 19 Januari

Nilikuwa na mpango mpya wa kuwatisha masista kwa wakili. Wakili simjui, lakini nilikuwa nimeshaandika barua yake. Nikamsomea Njambi. Akaniomba niiweke kwanza, akajifunga kitambaa kichwani, akaondoka na Gathogo mgongoni.

Akarudi saa nane na shilingi mia moja.

Nikamuuliza alitumia mbinu gani. Akasema alimwambia Sista ukweli. Kwamba mume wake alilipa pesa za shamba bila kufikiri, na mtoto anataka shule nyingine. Sista akasema kanuni ni kanuni, lakini kuna wasichana wanne kwenye orodha ya kungoja, na wa kwanza anaweza kulipa leo. Akamtuma mtu stesheni. Msichana wa Opiyo ndiye aliyekuwa wa kwanza. Ataingia kwa jina lake mwenyewe.

Ukweli. Mbinu hiyo sikuwa nimeifikiria.

Alhamisi, 21 Januari

Mia mbili. Imebaki mia moja na siku moja. Asubuhi nzima nimeuza kamba na chujio la chai.

Kiptoo akaja na maziwa, akakawia mlangoni. Nikafikiri amekuja kucheka. Badala yake akaagiza mbegu ya mahindi, ya shamba lake lote, na kupanda ni Machi. Nikamtajia bei. Hakupunguza hata senti. Nikaogopa. Katika miaka minane Kiptoo hajawahi kununua hata msumari bila kutaka mwingine wa bure.

Noti alizoweka mezani zilikuwa mia moja na kumi. Njambi alikuwa nyuma ya magunia, na hakuniangalia usoni. Hapo nikaelewa kwamba walikuwa wameongea.

 Nikamwambia Kiptoo ng'ombe wake wana afya. Akakaa juu ya gunia, akavua kofia, akaniambia kwamba na yeye amelipa mia kule Cypress, juu ya ile ya masista.

“Nilisikia wewe umelipa,” akasema. “Nikafikiri unajua kitu.”

Tulicheka mpaka wateja wakachungulia. Yeye pia amepewa dawati na Bwana Wangila. Limechorwa J.K.

Ijumaa, 22 Januari

Tumelipa. Njambi ndiye aliyezishika pesa kutoka nyumbani hadi ofisini, na ndiye aliyeshika risiti kurudi. Jioni tulikunywa chai yenye sukari. Hakuna aliyesema kitu cha maana, na ilikuwa jioni nzuri kuliko nyingi.

Jumatatu, 1 Februari

Leo nimempeleka Warigia Chepsaita kwa gari la maziwa la Kiptoo, na lile dawati la W.G., ambalo Bwana Wangila alikubali nilichukue, likiwa nyuma kati ya makopo. Ndilo dawati zuri kuliko yote shuleni. Wazazi wengine waliligusa. Mwalimu Nasambu ni mwembamba, ana chaki mpaka kwenye nyusi. Alimwona Warigia, akamwandikia hesabu ubaoni kabla hata ya kumsalimu, na mtoto wangu akaanza kutabasamu. Nikajifanya nimeingiwa na vumbi machoni. Kiptoo akajifanya anaamini.

Nimejifunza mengi mwezi huu. Nimeyaandika hapa ili nisiyasahau. Haraka haina baraka. Uliza kwanza. Mtu asilipe kitu kwa sababu jirani amelipa.

Kwenye kituo cha petroli nikakutana na mama mmoja, Bi Nanzala, anayetaka kufungua shule ya chekechea ya Kiingereza. Bado anatafuta kiwanja. Lakini watoto watakuwa na soksi ndefu, na nafasi ni kumi na mbili tu. Gathogo wetu ana miezi mitano. Nilitulia. Sikufanya haraka. Niliuliza maswali mengi sana, na yote akayajibu vizuri. Kwa hivyo hili si kosa lile la zamani, ni jambo tofauti kabisa. Shilingi ishirini tu, kwa mwaka wa 1975.

Nimemlipia nafasi mbili, maana huenda Kiptoo akapata mtoto.

Njambi atafurahi sana. Nitamwambia mwaka huo huo wa 1975.