Kamera Tatu na Sauti ya Shangazi

Jumatano, 4 Machi
Shangazi atapasuliwa koo Jumatatu. Daktari hakuficha: uvimbe ukitoka, sauti nayo inaondoka. Hatasema tena. Binti yake ni mjamzito, kwa hiyo Shangazi anataka kumwachia mjukuu hadithi moja kwa sauti yake mwenyewe. Kazi ya kumrekodi nimepewa mimi. Nani mwingine?
Kasoro ni Shemeji, mume wa dada yangu. Naye ana kamera. Mpya. Dada kaomba nimshirikishe. Nimekubali kwa moyo mweupe. Mpango ninao.

Ijumaa, 6 Machi
Nimemwambia Shemeji akae ubavuni na azime sauti ya kamera yake, eti sauti mbili zinagombana kwenye kompyuta. Uongo mtupu, lakini hajui. Yeye atapata sikio la Shangazi. Mimi uso na maneno.
Akauliza kama tutapiga makofi mara moja mwanzoni, ili baadaye picha zioanishwe pale mikono inapokutana. Nikamjibu kwamba haturekodi ngoma. Akanywea.

Jumamosi, 7 Machi
Tumerekodi sebuleni. Shangazi kavaa gauni la kijani, kikombe cha chai mkononi. Jirani yake, fundi cherehani, akaomba arekodi kwa simu, iwe kumbukumbu yake. Nikamwambia akae nyuma, asitutie kivuli.
Shangazi alisimulia alivyopotea sokoni akiwa mdogo. Muuza vitunguu akamketisha kwenye meza yake, akashinda akiuza, mpaka mteja mmoja akaja, kumbe ni mama yake. Sauti ilikwaruza lakini haikukatika. Mwisho akasema, "Mjukuu wangu, ukipotea, kaa penye watu. Nitakuja."
Shemeji alifuta macho. Mimi nilikuwa naangalia mwanga.

Jumapili, 8 Machi
Nimefungua kompyuta. Kamera yangu: picha safi, sauti hakuna. Kipaza sauti nilikibana kwenye gauni kwa mikono yangu, ila sikukiwasha. Kamera ya Shemeji: bubu, kama nilivyoagiza.
Nikakimbia hospitali turudie. Shangazi kalazwa, koo limefunga kabisa tangu asubuhi. Anaongea kwa ishara. Akaniuliza kwa nyusi: vipi? Nikamwambia mambo mazuri. Akaushika mkono wangu, hakuuachia.

Jumatatu, 9 Machi
Kaingizwa chumba cha upasuaji. Nikaenda kwa Jirani, nikamwambia nataka kukagua ubora wa simu yake. Hadithi yote imo, neno kwa neno. Nikainakili. Hakunisema. Aliuliza tu, "Ametoka?" Nikajibu bado.
Programu inaoanisha picha kwa kusikiliza sauti zake. Picha zangu hazina la kusikilizwa. Nikahangaika kwa mkono. Sauti ikitangulia, ikichelewa, Shangazi akawa kama mtu anayesemewa na mwingine.
Kisha nikaona kikombe. Alikiweka kwenye kisahani katikati ya hadithi, na kwenye simu kinasikika: ta. Kamera zote mbili zimekiona. Nikaisogeza sauti hadi hapo. Midomo ikashika maneno.
Dada akapiga simu: katoka salama. Nikalia, kompyuta ikinitazama.

Jumamosi, 14 Machi
Tumemwonyesha wodini. Shangazi, shingo imefungwa bendeji, alitazama kinywa chake kikisema. Kisha akaisogeza kompyuta karibu na tumbo la bintiye, akaashiria irudiwe. Hatukuweza kutazamana.
Shemeji akauliza nilipataje sauti safi namna ile. Nikamwambia ni uzoefu. Jirani alikuwepo. Akaangalia mikono yake.

Jumanne, 17 Machi
Sifa zimenifikisha mbali. Mkuu wa shule moja ataka nirekodi mahafali. Nimemwahidi kamera sita. Ninayo moja. Shemeji kajitolea kusaidia. Nimemkatalia kwa upole, maana watu wasio na uzoefu huharibu kazi za wenzao. Mkuu akaomba tufanye majaribio kabla ya siku yenyewe. Nimemwambia asijisumbue. Mimi sijaribu. Mimi narekodi.