Paji la Uso la Mzee Abdulswamad

Jumatatu, 25 Agosti

Alhamdulillahi! Nimepata kazi itakayomnyima usingizi Mbaruku, mwenye studio ya picha inayotazamana na yangu. Madrasa wanataka bango la Maulidi, lenye picha ya msimamizi wao, Mzee Abdulswamad. Nimejitolea bure. Mzee huyo ndiye baba yake Wahida, na barua yangu ya posa iko kwake tangu mwezi wa sita, haijajibiwa. Kamati yote ya madrasa inajua. Wamejifanya hawajui. Nawashukuru kwa hilo.

Mpango: nimtoe mzee mzuri pichani mpaka mwenyewe ajipende, alainike, ajibu. Mbaruku hawezi. Yeye hupiga picha akaitoa vilevile na makunyanzi yake yote, kisha akaita hiyo ni uaminifu. Mimi nina programu ya kuhariri. Nimejifundisha mwenyewe kwa video za mtandaoni. Mungu awalipe kheri wote waliozirekodi, hata yule anayesema haraka.

Jumatano, 27 Agosti

Nimempiga picha mzee baada ya Alasiri, barazani kwake. Nilimwamkia shikamoo mara tatu. Aliitikia marahaba mara moja. Wahida alileta kahawa. Hakunitazama, lakini kikombe changu kilijaa kuliko cha baba yake. Nimelala nikishukuru saa nzima, kisha nikaamka kufanya kazi.

Nimeukuza uso ukajaa kioo chote, nikaenda nao kipande kwa kipande. Ukikaribia hivyo humuoni tena mtu, unaona ngozi tu. Makunyanzi, nimefuta. Mifuko ya macho, nimefuta. Kovu la kidevuni, kwaheri. Juu kabisa nikakuta doa kubwa jeusi, kaidi kweli. Brashi ya kufutia madoa imelipitia mara saba. Limetoka! Kompyuta imejaa, kwa hiyo picha hii nimeihifadhi juu ya ile ya awali, ya awali ikafutika, nikapeleka faili kwa wachapaji. Ngozi imekuwa kama yai lililomenywa.

Ijumaa, 29 Agosti

Msiba.

Bango limetundikwa asubuhi nje ya madrasa. Watu wakitoka swala ya Ijumaa wakasimama kulitazama. Nikajua wanastaajabu. Na kweli walistaajabu. Mbaruku ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kufika sokoni, tangu lini Mzee Abdulswamad ameacha kuswali.

Lile doa! Ni alama ya sijda! Miaka arobaini paji la uso la mzee linagusa mkeka, mpaka likaota sugu ambayo mji mzima unaijua. Mimi nimeifuta kwa dakika mbili huku nakunywa soda.

Mzee alikuja, akatazama, akajigusa paji la uso, akaenda zake. Angenitukana ningeshukuru. Jioni Wahida ameniandikia kwamba baba yake anaulizia ile barua ya posa imewekwa wapi. Anataka kunirudishia kwa mkono wake Jumapili. Akaongeza kwamba kama nina akili, niitumie kabla ya hapo. Ameandika "kama". Sijala.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimetumia akili. Picha ya awali sina, basi nimechora alama mpya kwa programu, nikaichapa kwenye stika, nikaazima ngazi, nikaibandika. Nikiwa juu ya ngazi niliiona nzuri. Niliposhuka ilikuwa kubwa kama kisosi, tena imekwenda upande. Mama mmoja mpita njia akauliza mzee wa watu amegongwa na nini.

Nilikaa chini nikashika kichwa. Aliyekuja kuniinua ni Mbaruku. Anayo picha ya mzee, aliyompiga mwaka jana, haijaguswa hata unywele. Akanipa. Bure! Jioni bango jipya limepanda, na alama yake, na makunyanzi, na kovu. Kila apitaye anasema huyo ndiye mzee wetu. Nimemshukuru Mbaruku kutoka moyoni. Alisema si kitu, kisha akamsimulia kila mtu.

Lile bango la kwanza, stika nimeshaibandua, na Bi Mwanamvua, mke wa mzee, ametuma apelekewe. La kuwashia moto, bila shaka.

Jumapili, 31 Agosti

Nimekwenda. Mzee amekaa, barua yangu mkononi. Akaniambia hawezi kumwachia binti yake mtu asiyeona tofauti ya doa na ibada. Akaninyooshea barua.

Hapo Bi Mwanamvua akatoka ndani na lile bango. Akasema amekaa nalo usiku kucha. Huyu, akasema, ndiye kijana aliyemuoa, kabla ya sugu na mvi. Sugu anaipenda, ameiona ikikua, lakini sura hii alikuwa ameisahau, na harusi yao haikupigwa picha hata moja. Akalia. Akanishika mikono yangu yote miwili na kunishukuru. Mimi! Nami nikalia. Mzee alitazama dari kwa muda mrefu sana.

Kisha akarudisha barua mfukoni. Akasema Wahida mwenyewe ameshakubali tangu mwezi wa saba, na sasa naye amekubali, kwa sharti moja: niape kwamba sitafuta tena kitu chochote kwenye uso wa mtu wa nyumba yake. Nimeapa. Ningeapa lolote. Ya Rabi, nashukuru. Nimetembea mpaka nyumbani nikimsalimia kila mtu, na mbuzi wawili.

Jumanne, 2 Septemba

Nimlipe mama mkwe namna gani? Nimempiga picha nzuri, ya kuwekwa sebuleni. Sikufuta kitu. Kiapo ni kiapo. Hata kichunusi nimekiacha.

Ila meno yake ya mbele yamebanana, maskini, na pwani hii nani asiyejua uzuri wa mwanya? Mzee alisema nisifute. Kuongeza hakukutaja. Nimemwekea mwanya. Mdogo tu, wa shukrani. Kisha nikauongeza kidogo, usije usionekane kwa mbali.

Fremu imekwenda baada ya Alasiri, imefungwa kwa karatasi ya zawadi. Nimekaa karibu na simu.

Inaita. Mzee mwenyewe! Kumbe ameipenda kiasi hicho.