Kiingereza cha Kukata Mkia

"Mimi siwezi kumwambia mgeni neno nisilolijua ladha yake," Ninfa alisema, mwiko mkononi, nusu ya mwili wake ikiwa juu ya ukuta unaotenganisha nyua mbili. "Mgeni akifika anaulizwa kama ameshakula. Hivyo ndivyo nilivyolelewa."

"Jirani, hapa hatuzungumzii malezi yako. Hili ni agizo la manispaa."

"Manispaa imewahi kumpikia nani?"

Eustorgio Pallares alishusha pumzi kama mtu aliyezoea kueleweka baadaye. Agizo lilikuwa limekwisha kusomwa kwa kipaza sauti, Jumapili, watu wakitoka misa: kuanzia siku ile, Puerto Caracolí ni mji unaozungumza Kiingereza. Si kwamba utakizungumza, unakizungumza. Meya alikuwa ametia sahihi, na jambo likishatiwa sahihi huwa limeshatendeka.

Yeye Eustorgio ndiye aliyekuwa Kaimu Mkurugenzi wa Ofisi ya Kiingereza cha Haraka. Watu walimwita Daktari, kama wanavyomwita kila mvaa tai kwenye pwani ile, ingawa hakuwahi kutibu hata mafua. Kilichomkosesha usingizi ni hilo neno kaimu. Lilikaa mbele ya cheo chake kama jiwe ndani ya kiatu. Sasa Meya alikuwa amemwahidi: meli ya watalii ikitia nanga, wageni wakashuka na kukaa mpaka jioni, neno hilo litaondolewa.

Kiingereza chenyewe Eustorgio alikijua kama paka anavyoijua Kwaresima. Lakini alikuwa na sayansi. Kiingereza, alifundisha, ni Kispania kilichokatwa mkia. Chukua *perfecto*, kata ile o, unapata *perfect*. Chukua *momento*, kata, *moment*. Nani atabisha? Mji mzima ukaingia kazini kukata mikia. Muuza samaki alikata hata jina la mkewe, Rosario akawa Rosari, na usiku huo mume akalala kwenye kiti.

Basi, kwa Kispania mafanikio ni *éxito*, na hakuna neno Meya alilolipenda kama hilo. Alilipaka kwenye tangi la maji, kwenye gari la taka na kwenye kila bango la uchaguzi, chini ya meno yake. Eustorgio akalikata mkia mbele yake, taratibu, kama daktari wa kweli: *exit*. Meya akatikisa kichwa kwa raha. Kamusi haikuhitajika, fungu la kamusi lilikuwa limeshanunua utepe wa uzinduzi.

Baraza likapitisha sheria ndogo kwa makofi: kila mkazi, amkutapo mgeni au Mheshimiwa Meya, atasimama, atatabasamu na kusema "Exit", yaani, mafanikio yawe nawe. Asiyesema atatozwa faini, na hatauza hata kashata gatini.

Ndiyo maana Eustorgio alikuwa ukutani akimbembeleza jirani yake. Supu ya Ninfa ilijulikana mpaka mji wa pili, na aliitaka gatini siku ya meli. Lakini Ninfa alishikilia lake: salamu isiyoliuliza tumbo ni salamu ya mkusanya kodi. Akateremka ukutani, akarudi jikoni, na gatini hakwenda.

Meli ilikuja asubuhi, nyeupe, ndefu kuliko mtaa. Bendi ikapiga. Juu ya gati lilisimama tao kubwa lenye uso wa Meya na neno EXIT, herufi zake zikisomeka tangu baharini.

Wageni wa kwanza wakashuka, wakasoma, wakasimama. Wakatazamana. Walikuwa watu wenye adabu, waliozoea kutii maandishi; wakageuka, wakapanda tena. Kundi la pili likafika katikati ya ngazi. Hapo umati, uliokuwa umefundishwa vizuri sana, ukawapokea kwa maua na sauti tamu: "Exit. Exit, sinyora. Exit, bwana." Bibi mmoja wa kofia pana akakimbia.

Eustorgio hakutetereka. Kanuni ya ofisi yake ilisema mgeni asipoelewa, ongeza sauti. Akawaashiria watu waongeze.

Hatimaye alishuka mhudumu wa meli, mtu wa Panama, kofia kifuani, akawaendea Meya na Eustorgio waliosimama chini ya tao.

"Samahani, Daktari. Abiria wanauliza wamekosa nini."

"Wamekosa? Tunawatakia mema."

"Hapo juu mmeandika kwamba huu ni mlango wa kutokea. Halafu kila mtu anawaambia watoke. Kuna mzee anasema amefukuzwa sehemu nyingi, ila kwa maua ndiyo mara ya kwanza."

Eustorgio aliinua macho kwenye tao. Meya naye akainua, akajiona mwenyewe, anacheka, na chini yake neno lake. Meli ikapiga honi kabla hata ya chakula cha mchana, ikaondoka.

"Lile neno kaimu," Meya alisema, "nimeliondoa."

"Nashukuru, Mheshimiwa."

"Na mkurugenzi pia."

Maneno ya Mpanama yalifika sokoni kabla Meya hajafika kwenye gari lake. Dereva akamfungulia mlango, akasimama wima, akatabasamu: "Exit, Mheshimiwa." Muuza kahawa akavua kofia: "Exit, Meya wetu." Polisi wa kona akapiga saluti, akalitamka kwa heshima zote. Meya akaamuru wakome. Katibu wa baraza akamkumbusha, kwa unyenyekevu, kwamba ni sheria, na anayenyamaza hutozwa faini. Kuifuta kunahitaji kikao. Kikao kikaitishwa mchana uleule. Madiwani wakafungua kwa salamu, wote wamesimama, kwa sauti moja, na wakapenda kuirudia. Ajenda nyingine hazikufikiwa.

Eustorgio alirudi nyumbani kwa miguu, tai mfukoni, tumboni hamna kitu tangu alfajiri. Harufu ya sancocho, ile supu ya Ninfa, ilikuwa imeujaza mtaa: muhogo, ndizi, giligilani. Ninfa alikuwa mlangoni kwake, mwiko uleule mkononi.

"Exit, jirani," alisema, bila kucheka.

Eustorgio akasimama. Hakujua anakaribishwa au anafukuzwa, na yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Akainamisha kichwa, akageuka kuelekea kwake.

"Sasa unakwenda wapi? Umeshakula?"

"Bado."

"Basi ingia, supu inapoa. Leo nimepika mkia."