Unga wa Mifupa

Jumatatu, 19 Mei
Mama mkwe anafika Jumamosi kutoka Meru. Tatizo si yeye. Tatizo ni bustani. Tangu Krismasi namwambia kwenye simu kwamba nyuma ya nyumba yetu hapa New Hope, ughaibuni, kuna maua ya kila rangi. Hata picha nilimtumia. Picha ya bustani ya watu. Mke wangu Makena hajui. Uwanja wenyewe ni matope, na tunautumia pamoja na jirani yetu Velma na mbwa wake wawili: Duke, mkubwa kama ndama, na Pepper, kikongwe aliyebakiza meno machache. Nimelima kando ya uzio kabla ya shifti yangu ya kuhudumia wagonjwa. Muda upo.

Jumanne, 20 Mei
Nimepanda maua ya petunia asubuhi. Niliporudi kutoka kazini yote yalikuwa juu ya nyasi, mizizi inatazama mbinguni. Duke amelala shimoni kama mwenye nyumba. Velma kanishauri kwa upole tugawe uwanja kwa wavu. Nikamwambia hakuna haja, nina mbinu.

Jumatano, 21 Mei
Mbinu ilikuwa pilipili ya unga. Upepo ukageuka. Nimefanya kazi kutwa na macho mekundu. Bibi mmoja mgonjwa alinishika mkono akanipa pole ya msiba. Nikapokea. Mbwa walipiga chafya, wakaendelea kuchimba.

Alhamisi, 22 Mei
Nimenunua maua mapya, na mbolea ya unga wa mifupa ili yashike haraka. Nimemwaga mfuko mzima. Mfuko una maandishi mengi kuhusu mbwa. Nitasoma kesho.

Ijumaa, 23 Mei
Siku mbaya. Kumbe kwa pua ya mbwa unga ule ni nyama choma. Bustani yote imefukuliwa. Pepper tumemkuta chini ya ngazi, anatapika, tumbo limekuwa gumu kama ngoma. Velma aliangusha funguo za gari mara mbili. Nikawapeleka mimi. Njiani akanieleza kwamba marehemu mumewe ndiye aliyemleta Pepper nyumbani, kamficha ndani ya koti. Nilikaza macho barabarani. Daktari wa wanyama akauliza mbwa amekula nini. Velma hakujua. Ningeweza kunyamaza.

“Unga wa mifupa,” nikasema. “Niliumwaga mimi.”

Velma akahamia kiti cha mbali. Tulikaa pale mpaka giza likaingia, viti viwili katikati yetu.

Jumamosi, 24 Mei
Pepper amerudi. Mnyonge, lakini hai. Velma amesema bado ana hasira, ila kama ningenyamaza angehama. Mama mkwe naye amefika. Nikampeleka nyuma, nikamwonyesha mashimo, nikamwambia ukweli wote, hata wa picha. Makena alinitazama nikatamani kuingia shimoni mwenyewe. Mama akaketi kwenye ngazi, akamkuna Pepper masikio.

“Mwanangu,” akasema, “maua nimeyaacha nyumbani. Nimekuja kuwaona nyinyi.”

Usiku huu nitalala kama mtoto.

Jumapili, 25 Mei
Baada ya ibada, Duncan wa kwaya alimweleza Mama habari za nyanya zake, zilivyochipua mapema kuliko za mtu yeyote. Mama akamsifu. Akamsifu tena. Nikajikuta nasema kwamba mimi nafuga nyuki. Mizinga mitatu. Duncan amefurahi sana, analeta familia nzima Jumapili ijayo kuonja asali. Makena kanikanyaga mguu, kwa kisigino.

Nimeulizia. Nyuki huagizwa kwa posta, maelfu ndani ya boksi moja. Itakuwa rahisi.